Inasomeka, Lakini Je, Ni Nzima?

Mezani pangu kuna diski mbili za CD. Nilizichoma, yaani niliziandika kwa leza, siku moja mwaka 2003, kwa kompyuta moja, kutoka kifurushi kimoja, moja baada ya nyingine. Zote zina sauti ya babu yangu akisimulia maisha yake. Ilikuwa kaseti ya dakika 60, upande wa kwanza na wa pili, niliyoihamishia kwenye kompyuta kwa waya mmoja na subira nyingi. Faili lote lilikuwa na baiti milioni 635 na ushei. Nilipomaliza niliona kazi imekwisha. Kaseti yenyewe ikarekodiwa mambo mengine juu yake, maana wakati ule tuliamini kwamba kilichoingia kwenye diski hakipotei.

Diski ya kwanza niliibandika stika ya karatasi yenye jina la babu kwa herufi kubwa, nikaitia kwenye albamu ya mifuko ya plastiki pamoja na nyingine nyingi. Ya pili niliiandika kwa kalamu tu, kwenye duara lile linalopenya mwanga karibu na tundu la katikati, nikaifunga ndani ya kasha lake gumu na kuisimamisha kabatini kama kitabu. Sikufanya hivyo kwa ujuzi wowote. Stika zilikuwa zimeniishia.

Tuliyokuwa tukiisikiliza ni ile ya stika. Ilisomeka mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Kisha jioni moja nimekaa na wanangu, nataka wamsikie babu wa baba yao, sauti ikafika dakika ya 47 ikakwama. Draivu ikanguruma, ikapunguza mwendo, ikajaribu tena, ikanguruma tena. Dakika 13 za mwisho, ambamo babu anawataja watoto wake mmoja mmoja na siku aliyozaliwa kila mmoja, zikawa hazifikiki.

Tangu jioni hiyo nimesoma, nimepima na nimechoma diski nyingi, na jambo nililolielewa ni hili: diski ile haikufa jioni ile. Ilikuwa inakufa kwa miaka, huku sisi tunaisikiliza, na haikutuonyesha dalili hata moja.

Sababu yake iko ndani ya namna diski ilivyobuniwa. Hakuna diski isiyo na makosa, hata ile iliyotoka kuchomwa sasa hivi kwenye draivu safi. Philips na Sony walipobuni CD walilijua hilo, wakaweka ndani yake hesabu ya kusahihisha makosa iitwayo CIRC, yenye madaraja mawili. Data haipangwi kwa mfululizo kama maneno ya mstari huu. Inachanganywa na kutawanywa, na kila fungu linaongezewa baiti za akiba za kujikagulia. Mkwaruzo ukifuta mahali, kilichofutwa ni punje moja moja za mafungu mengi, na kila fungu lina akiba ya kutosha kuirudisha punje yake. Kwa njia hiyo CD yaweza kurejesha kikamilifu pengo la karibu milimita 2.5 kwenye njia ya data. Diski ya muziki ikizidiwa kupita hapo, mashine hukisia sauti iliyokosekana kwa kutazama ya kabla na ya baada, nawe husikii kitu. Diski ya data haina ruhusa ya kukisia, kwa hiyo imepewa akiba ya daraja la tatu: kila sekta, yaani kipande kimoja cha data, ina baiti 2,352, lakini zako ni 2,048 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni ulinzi.

Makosa haya yanahesabika. Sekunde moja ya CD kwa mwendo wa kawaida ina mafungu madogo ya data 7,350, yaitwayo fremu. Kosa linalogunduliwa katika daraja la kwanza la usahihishaji huitwa C1, na lile linalosukumwa hadi daraja la pili na kushindikana huko huhesabiwa kama C2. Kiwango cha juu kilichowekwa ni fremu 220 zenye makosa kwa sekunde, yaani kama asilimia 3. Diski nzuri iliyochomwa vizuri hunipa wastani wa chini ya 5, mara nyingine chini ya 1. C2 nataka iwe sifuri, na moja tu hunitosha kuichoma diski upya.

Sasa weka diski mbili mbele yako, moja ina wastani wa 2, nyingine ina 190. Zote zinafunguka, faili linakopeka, wimbo unapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Jicho haliambulii tofauti, wala sikio. Lakini ya kwanza ina akiba tele, na ya pili imeitumia karibu yote. Ya pili ikipata joto la msimu mmoja au alama moja ya kidole penye udhaifu, inaangukia upande ambao hesabu haiwezi tena kuirudisha. Ndiyo maana utasikia watu wakisema "juzi tu ilikuwa nzima". Juzi ilikuwa inasomeka. Uzima wake hakuna aliyeupima.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Baadhi ya draivu, hasa za Lite-On na Plextor za miaka ile, hutoa hesabu za makosa zikiombwa, na programu kama Nero CD-DVD Speed, K-Probe na Opti Drive Control huzichora kama grafu kutoka ndani ya diski hadi ukingoni. Kama draivu yako haitoi hesabu hizo, bado kuna kipimo cha mwendo wa kusoma. Diski ikisomwa kwa mzunguko usiobadilika, mstari wa mwendo hupanda taratibu kadiri leza inavyosogea nje. Ukiona mstari unatumbukia ghafla na kupanda tena, draivu imekwama hapo, imerudia kusoma, na imefaulu kwa taabu. Mahali hapo ndipo patakapokusumbua kesho.

Nilipoipima ile diski ya pili ya babu, ya kabatini, niliona kitu ambacho sijakisahau. Karibu na katikati C1 ilikuwa 3, 4, 3. Kufikia nusu, 20. Kisha mstari ukaanza kupanda kama mlima, na milimita chache za mwisho zikavuka 220, na vijiti vya C2 vikaanza kuchomoza. Hii ndiyo diski niliyokuwa nikijipa moyo kwamba ni nzima.

Ukitaka kujua kwa nini ukingoni, shika diski tupu mbele ya taa uigeuze polepole. Unachokiona kikiwa na rangi ya kijani, ya buluu au ya dhahabu iliyofifia ndicho kitakachobeba kumbukumbu zako. Diski ya kiwandani, ile ya albamu za muziki, ina vishimo halisi vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma haina. Ina bamba la polikaboneti lenye unene wa milimita 1.2, ambalo limechongwa mfereji mmoja unaojizungusha kuanzia ndani kwenda nje, mzunguko mmoja ukiachana na wa pili kwa mikromita 1.6. Juu ya mfereji imemwagwa rangi ya kikemikali, juu ya rangi utando wa metali unaorudisha mwanga, juu ya metali vanishi nyembamba, kisha maandishi ya mtengenezaji. Leza ya nanomita 780 huipasha rangi joto mahali palipokusudiwa, rangi ikabadilika, na mahali hapo pakawa panarudisha mwanga kidogo kuliko jirani yake. Kumbukumbu yako, basi, ni madoa kwenye rangi. Na rangi ni rangi: jua huipausha, joto huichosha, unyevu huiingilia. Unyevu na uchafu huanzia ukingoni kwa sababu hapo ndipo tabaka hizi zinapokutana na hewa, na hapo ndipo vidole vyetu vinapokamata. Uchomaji nao huanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo diski inapojazwa, mwisho wa habari unakaa mahali palipo dhaifu kuliko pote. Watoto wa babu yangu waliotajwa mwishoni mwa kaseti walikuwa wamekaa huko.

Tangu hapo sijazi diski. Naacha sehemu ya nje tupu, hata kama ni lazima nigawe kazi kwenye diski mbili.

Rangi zenyewe hazilingani. Taiyo Yuden wa Japani ndio waliotangaza CD ya kuchoma mwaka 1988, kwa rangi ya sianini, ambayo hupokea leza vizuri lakini haivumilii mwanga wa jua kwa muda mrefu. Baadaye ikaja thalosianini, rangi iliyofifia sana kiasi cha kukaribia kutoonekana, inayostahimili mwanga zaidi. Mitsubishi wakatengeneza azo, ile buluu iliyokolea. Upande wa metali, zile za mwanzo zilikuwa na dhahabu, ambayo haipati kutu wala haishambuliwi na hewa. Baadaye fedha ikachukua nafasi kwa kuwa ni rahisi zaidi na hurudisha mwanga vizuri, lakini fedha ina adui wake, salfa, inayoigeuza nyeusi. Salfa hupatikana kwenye hewa chafu na kwenye baadhi ya karatasi na kadibodi. Kikulacho ki nguoni mwako: bahasha uliyoitia diski ili kuihifadhi yaweza kuwa ndiyo inayoila. Hata diski za kiwandani hazikusalimika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kiwanda kimoja cha Uingereza kilitoa CD ambazo baada ya muda ziligeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, na salfa iliyokuwa kwenye karatasi za vijitabu ndani ya makasha ilihusika.

Usidanganywe na mng'ao wa dhahabu upande wa juu. Rangi ya maandishi yaweza kuwa ya dhahabu huku metali ya ndani ni fedha. Kinachohesabika ni maelezo ya tabaka la metali, si pambo la nje.

Jina lililoandikwa kwenye kifurushi nalo halisemi mengi. Wenye majina makubwa wengi hawana viwanda vyao. Hununua kwa huyu mwaka huu na kwa yule mwaka ujao, kisha huchapa nembo ile ile, kwa hiyo vifurushi viwili vinavyofanana kwa kila kitu vinaweza kuwa na diski za viwanda viwili tofauti. Ukweli umo ndani ya diski yenyewe. Kila CD ya kuchoma ina maelezo yaitwayo ATIP yaliyochongwa kwenye mfereji, na kila DVD ina namba ya utambulisho ya mtengenezaji. Programu ndogo ya bure huyasoma kwa sekunde chache. Mimi sichomi kitu cha maana kabla sijayasoma na kuyaandika, na kifurushi kipya nakipima kwa kuchoma diski moja ya majaribio na kuitazama grafu yake. Ikiwa mbaya, kifurushi kizima kinapewa kazi za kupita.

Kupata diski nzuri kunazidi kuwa kugumu. Taiyo Yuden, waliokuwa tegemeo la wapenzi wa kazi hii, waliacha kutengeneza diski mwishoni mwa 2015. Sony walisitisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Watu wananunua akiba za zamani, nami nimefanya hivyo. Lakini diski tupu nayo inazeeka, tena vibaya kuliko iliyochomwa. Makadirio ya tahadhari kwa CD tupu ni miaka 5 hadi 10. Usifungue kifurushi mpaka siku ya kuchoma.

Siku hiyo ikifika, usiwe na pupa. Draivu huanza kwa kujipima nguvu ya leza kwenye kieneo kidogo karibu na katikati, kisha hutumia kipimo hicho kwa diski nzima, ikirekebisha njiani kadiri inavyoweza. Mwendo wa juu kabisa unamaanisha leza yenye nguvu zaidi, muda mfupi zaidi juu ya kila doa, na diski inayotikisika zaidi. CD kwa mwendo wa mara 52 ya ule wa kawaida huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Lakini mwendo wa chini kabisa si dawa pia, jambo ambalo wengi hulikataa. Rangi za diski za miaka ya karibuni zilitengenezwa kwa ajili ya leza kali ya muda mfupi, na ukizichoma kwa mwendo wa kobe madoa yanaweza kutoka na kingo zisizo safi. DVD ya mara 16 mimi huichoma kwa 8, CD ya 52 kwa 16 au 24, kisha naiacha grafu iniamulie. Funga programu nyingine, usiitikise meza, na mwishoni iambie programu ilinganishe kilichoandikwa na asili yake. Tena, kabla ya kuchoma, tengeneza alama ya ukaguzi ya kila faili, kama SHA-256, na uichome humo humo. Miaka ishirini ijayo mtu mwingine ataweza kujua kama alichokisoma ndicho ulichokiweka.

Zile za kufutika, CD-RW na jamaa zake, hazitumii rangi bali aloi inayogeuzwa kati ya hali mbili kwa joto la leza. Kinachogeuzwa kwa urahisi hurudi kwa urahisi. Sizitumii kwa hifadhi.

Nirudi kwenye stika, maana ndiyo iliyoniumiza. Watu wengi huamini upande wa kulindwa ni ule wa chini, unaong'aa. Kwenye CD mambo ni kinyume. Upande wa chini una plastiki karibu milimita 1.2 nzima kati ya kidole chako na data, na leza inaupitia mkwaruzo mwepesi wa huko kama jicho linavyopitia tone la mvua kwenye dirisha. Upande wa juu una vanishi tu. Mkwaruzo wa funguo hapo unaondoa metali yenyewe, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha. Stika hukaa juu ya vanishi hiyo kwa miaka. Gundi yake hutoa kemikali, karatasi yake hunywa unyevu na kutanuka kisha kukauka na kujikunja, na ikibandikwa pembeni kidogo tu diski inayumba inapozunguka. Na ikianza kubanduka, usiivute. Mimi niliivuta. Nilidhani nikiiondoa diski itatulia kwenye draivu. Ilitoka na kipande cha metali cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na nilipoiinua diski kwenye taa niliona mwanga ukipenya pale ilipokuwa sauti ya babu. Kama stika imeshabandikwa na imeshika, iache ilivyo, na unakili data haraka.

DVD imejengwa vingine: mabamba mawili ya milimita 0.6 yaliyogundishwa, data ikiwa katikati. Hapo mkwaruzo wa juu hauui, bali kukunja ndiko kunakoua, kwa sababu gundi inaachia kuanzia ukingoni. Ukitoa diski kwenye kasha, bonyeza kitovu cha kasha kwa kidole hadi kiachie, ndipo uinyanyue kwa kingo zake. Usiipinde kama unavyong'oa kifuniko. Blu-ray iko kinyume cha CD: data iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa leza, imefunikwa kwa utando mgumu. Tena si Blu-ray zote ni sawa. Zile za aina ya HTL zina tabaka lisilo la rangi ya kikaboni, ilhali LTH zimerudia rangi zile zile za zamani. Mimi huchagua HTL bila kusita. M-DISC nayo imejengwa juu ya wazo hilo, kuondoa rangi na kuweka tabaka gumu mithili ya jiwe. Mtengenezaji wake alitangaza miaka 1,000. Mimi sihitaji yote hiyo ili kukubali kwamba wazo lenyewe ni sahihi.

Katika utunzaji wa kila siku, karibu yote ninayofanya yanalingana na mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Shika kwa ukingo wa nje na tundu la katikati. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, na pahali pazuri kuliko pote ni lile duara la ndani lisilo na data. Peni ya kawaida yenye ncha ngumu haigusi diski yangu. Rudisha kwenye kasha papo hapo, simamisha wima, usilaze kwa miaka kwani hujikunja kwa uzito wake. Mahali pawe na giza, pakavu, pasipo joto: nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Usipoweza kufikia viwango hivyo, basi angalau epuka kubadilika kwa ghafla, kutoka baridi kwenda joto na kurudi, kwani tabaka zinatanuka kwa viwango tofauti na mvuke huganda juu yake.

Kusafisha nako kunarudi kwenye ile hesabu ya kusahihisha. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini cha pamba, kamwe usizungushe. Mkono ukikwaruza kwa mstari ulionyooka, mkwaruzo unakata njia ya data kwa upana wake mdogo tu, pengo fupi ambalo akiba inaliziba. Ukikwaruza kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia yenyewe na kufuta mfululizo mrefu, na hapo akiba haitoshi. Anza na maji safi. Yakishindwa, tumia spiriti ya isopropili. Petroli, thina na asetoni huila polikaboneti.

Kabla hujaihukumu diski, ijaribu kwenye draivu nyingine. Lenzi ya leza huchoka na kushika vumbi, na draivu mbili za umri mmoja zinaweza kutofautiana sana mbele ya diski dhaifu. Nimewahi kuona diski iliyokataliwa na draivu mpya ya kompyuta ndogo ikisomwa na ya zamani, nzito, ya mezani, bila hata kupunguza mwendo.

Ndivyo nilivyofanya na zile mbili za babu. Kwa kuwa zilichomwa kutoka taswira moja, yaani faili moja la diski nzima, kila sekta ya hii ilikuwa na pacha wake kwenye ile, mahali pale pale. Nikatumia programu iitwayo ddrescue. Yenyewe haing'ang'anii mahali pabovu. Inasoma kwanza kila kinachosomeka, inaweka ramani ya mapengo, kisha inarudi kwenye mapengo hayo polepole. Nikaanza na ile ya kabatini, usiku kucha, draivu ikinguruma chumba cha pili nami nikiamka kila mara kutazama namba zikipungua. Asubuhi nikaihamisha kwenye draivu ya pili, kisha ya tatu, ramani ikiwa ile ile, na kila draivu ilipata vipande ambavyo nyingine zilivikosa. Mwisho nikaingiza ile ya stika, yenye tundu la mwanga, nikaiambia programu isiguse kingine chochote ila mapengo yaliyobaki. Diski ambayo niliishaitoa thamani ikajaza sekta nyingi ambazo mwenzake hakuwa nazo, kwa sababu hazikuumia mahali pamoja.

Zilibaki sekta 212, nyingi zikiwa zimeshikana. Kila moja ni baiti 2,048, na sekunde moja ya sauti ile ni baiti 176,400, kwa hiyo kilichopotea ni kama sekunde mbili na nusu. Programu huweka sifuri mahali pasiposomeka, na sifuri kwenye sauti ni ukimya. Nikasikiliza. Babu anamtaja mtoto wa nne na mwezi wa mavuno aliozaliwa, anakohoa, kisha kimya, kisha anaendelea "...siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha," na kuingia kwa mtoto wa sita.

Wa tano ni shangazi yangu. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, mimi huwa naambiwa nilizaliwa na mvua. Sikujua kama baba aliwahi kulisema mahali." Nikamchezea kipande kile kwenye simu mara mbili. Kisha nikamwomba alitamke jina lake lote, kama baba yake alivyokuwa akimwita, nikalirekodi.

Pengo sikulijaza. Faili la babu limebaki na ukimya wake, na sauti ya shangazi iko pembeni yake kama faili la pili. Nimezichoma kwenye Blu-ray mbili za HTL kutoka viwanda viwili tofauti, nikaacha theluthi ya nje tupu, na nakala ya tatu iko kwenye diski kuu inayokaa nyumba nyingine. Zile mbili nilizipima jioni ile ile. Namba za makosa nimeziandika kwenye kadi ndani ya kila kasha, pamoja na tarehe na aina ya draivu, na chini yake nimechora mistari mitupu kwa ajili ya vipimo vya miaka inayokuja. Cha kwanza ni mwakani, mwezi huu huu.